Taa ya Oili Isinyamazishwe

Msimu wa korosho uanzapo kusini mwa Tanzania, kwa kawaida mnamo mwezi wa Oktoba, njia za Wilaya ya Mtwara hupata shughuli zisizoonekana katika miezi mingine. Katika kata ya Mpapura, kama ilivyo katika kata jirani, magari madogo ya mizigo hutoka vijijini yakiwa yamesheheni magunia, yakielekea kwenye maghala ya vyama vya ushirika. Jua ni kali, mchanga ni mwingi, mwendo ni wa gia ndogo, na injini hufanya kazi ya sulubu tangu asubuhi hadi jioni. Ni katika hali hiyo ambapo taa ndogo nyekundu, yenye mchoro wa kibuyu cha oili kinachodondosha tone, huwaka mbele ya dereva.

Litendekalo baada ya hapo ndilo jambo linalostahili kujadiliwa. Wapo madereva ambao huzima injini papo hapo. Wapo pia ambao husema, "Nitafika tu, si mbali," wakaendelea na safari. Na ipo desturi mbaya zaidi, ijulikanayo katika gereji nyingi: waya wa taa hukatwa, au oili nzito zaidi humiminwa ndani ya injini, ili taa izimike na gari lirudi barabarani. Makala hii yashikilia kwamba desturi hiyo ni kosa la kisayansi kabla ya kuwa kosa la ufundi, na kwamba shule ya sekondari, ambayo tayari inafundisha karibu kila kanuni inayohitajika ili kulielewa jambo hili, ina wajibu wa kusaidia kuliondoa.

Taa yasema nini

Yafaa kwanza kufahamu kile ambacho taa hupima. Si wingi wa oili, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Kwenye ubavu wa injini pamefungwa swichi ndogo yenye kiwambo na springi. Oili isukumwapo kwa nguvu ya kutosha, kiwambo husukumwa na mzunguko wa umeme hukatika, taa huzimika. Kanieneo ya oili, au presha kama mafundi waitavyo, ipunguapo, springi hurudi, swichi huunganisha waya na bodi ya injini, na taa huwaka. Ni mzunguko sahili kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuuchora: betri, taa, swichi, na chuma cha gari kikiwa njia ya kurudia.

Jambo la pili ni kiwango. Katika magari mengi swichi hiyo hugeuka kanieneo inapokuwa kati ya kilopaskali 30 na 50 hivi, yaani chini ya nusu ya kanieneo ya hewa itukizungukayo. Injini nzima ikiwa na joto na ikienda kasi ya barabarani, kanieneo ya kawaida huwa ni kilopaskali 300 hadi 400. Kwa hiyo taa iwakapo, tisa ya kumi ya kanieneo imekwisha kupotea. Baadhi ya magari ya zamani yalikuwa na geji ya mshale iliyomwezesha dereva kuona upungufu ukija polepole kwa wiki na miezi. Taa haina hadhi hiyo. Haitoi ilani ya mapema. Hulia wakati mambo yamekwisha kuharibika, au yako karibu mno kuharibika. Ndiyo maana kuipuuza ni hatari kuliko kuipuuza geji.

Kizibo kilichokataa kukaa

Ili kuelewa kwa nini kanieneo hiyo ina thamani kubwa, inafaa kurejea Uingereza katika miaka ya 1880. Mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza, kwa niaba ya chama cha wahandisi wa mitambo, msuguano wa ekseli za mabehewa ya reli. Mwaka 1883 alitoboa tundu juu ya beringi apate kupitishia oili. Mtambo ulipozungushwa, oili haikuingia. Ilitoka nje kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akatia kizibo cha mti; nacho kikasukumwa. Hatimaye alifunga geji yenye uwezo wa kusoma ratili 200 kwa kila inchi mraba, sawa na kilopaskali 1,400 hivi, na mshale ukapita mwisho wa geji.

Hapakuwa na pampu yoyote iliyosukuma oili ile. Nguvu ilitoka kwenye mzunguko wenyewe wa ekseli. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hisabati kilichotokea. Mhimili unaozunguka hauko katikati kabisa ya tundu lake. Umesogea upande mmoja, na hivyo nafasi iliyopo kati yake na beringi ina umbo la kabari. Kwa sababu ya mnato wake, oili hukokotwa na mhimili na kuingizwa katika sehemu nyembamba ya kabari hiyo. Inapobanwa humo, kanieneo hupanda sana, na mhimili huinuliwa ukaelea juu ya utando wa oili. Chuma hakigusi chuma.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya injini ya gari dogo la mizigo liendalo Mpapura. Nafasi kati ya krenki na beringi zake ni sehemu ya mia chache za milimita, nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Katika nafasi hiyo, uzito wote wa mlipuko unaosukuma pistoni hubebwa na oili. Kazi ya pampu si kuubeba uzito huo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kabari haikosi oili hata kwa nukta moja, na kwamba oili iliyopata moto inaondoshwa na kuletwa nyingine. Taa nyekundu humwambia dereva kwamba ugavi huo umekatika au umedhoofika.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha gharama ya kusema, "Si mbali." Krenki ya kipenyo cha milimita 50, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde, na uso wake husuguana kwa mwendo wa karibu mita 8 kwa sekunde. Kilomita 5 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni dakika 5, nazo ni mizunguko 15,000. Utando wa oili ukikosekana, metali laini ya beringi hupata moto, huyeyuka na kushikana na krenki. Hapo ndipo injini hunoki. Lililoanza kama upungufu wa lita moja ya oili hugeuka kuwa krenki ya kuchongwa upya, beringi mpya na konrodi iliyopinda. Pengine injini nzima hutupwa.

Pampu haitengenezi presha

Kuna fikra iliyoenea kwamba presha ikishuka, pampu imekufa. Fikra hiyo yahitaji kusahihishwa, kwa maana ndiyo inayowapeleka watu kununua vipuri wasivyovihitaji. Pampu ya oili katika magari mengi ni jozi ya gia zinazobeba oili kutoka kwenye bakuli lililo chini ya injini, liitwalo sampu, na kuisukuma mbele. Kwa kila mzunguko husukuma kiasi kile kile, au karibu yake. Kanieneo hutokana na ugumu ambao oili hukutana nao inapotafuta njia ya kutokea. Mwenye kumwagilia bustani kwa mpira analijua jambo hili: akiubana mdomo wa mpira, maji hurusha mbali, akiuachia, hutoka kwa unyonge, ingawa bomba ni lile lile.

Katika injini, mdomo uliobanwa ni zile nafasi nyembamba za beringi. Na hapa ipo kanuni ambayo walimu wa fizikia na hisabati wangefanya vyema kuitumia. Kiasi cha kimiminiko kipitacho katika ufa mwembamba huenda sambamba na kipeo cha tatu cha upana wa ufa, ilhali hupungua kwa kadiri mnato unavyozidi. Nafasi ya beringi ikilika kutoka milimita 0.05 hadi 0.10, yaani maradufu, oili huvuja kwa wepesi mara 8 zaidi. Pampu, hata ikiwa mpya, haiwezi kuyafidia mavujo hayo injini inaponguruma polepole. Kwa hiyo taa ya gari lililochakaa huanza kuwaka likiwa limesimama na injini ina moto, kisha huzimika dereva anapokanyaga mafuta. Mwenye kujua kanuni husoma humo habari ya beringi zilizolika au oili iliyokuwa nyepesi mno. Asiyejua hufurahi kwamba taa imezimika.

Mnato nao hubadilika sana kwa joto. Oili ya kawaida ya daraja la 40, ikipashwa kutoka nyuzi 40 hadi nyuzi 100 za Selsiasi, hupoteza takribani tisa ya kumi ya mnato wake. Ndiyo sababu gari huondoka nyumbani asubuhi bila dalili yoyote, na taa ikawaka adhuhuri katika mchanga.

Kutafuta chanzo kwa utaratibu

Njia sahihi ya kushughulikia taa hiyo haina muujiza wowote. Ni njia ile ile ya maabara: kutazama, kudhani, kupima, na kuondoa dhana moja baada ya nyingine, ukianza na ile isiyogharimu kitu.

Hatua ya kwanza ni kusimama mahali pa salama na kuzima injini. Hakuna kipimo chochote chenye haki ya kufanywa kabla ya hapo. Hatua ya pili ni kungoja dakika chache, gari likiwa mahali pa tambarare, na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, chanzo cha karibu kimepatikana: huongezwa oili ya daraja liliotajwa na mtengenezaji, kisha hutafutwa ilikokwenda. Madoa chini ya gari huonyesha mvujo. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inaiunguza. Taa iliyokuwa ikiwaka kwenye kona na miinuko tu aghalabu husema habari hii, kwa kuwa oili kidogo ikiegemea upande mmoja wa sampu, pampu hufyonza hewa.

Oili yenyewe nayo ichunguzwe. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingiwa na maji. Ikinuka petroli au dizeli, imechanganyika na mafuta ya kuendeshea na mnato wake umepungua. Katika hali zote hizo mbili, kuongeza oili juu yake hakutoshi.

Ikiwa oili ni ya kutosha na ni safi, na injini haitoi sauti ya kugonga, dhana inayofuata ni swichi au waya wake. Waya uliochubuka ukigusa chuma cha gari, taa huwaka ingawa kanieneo ni kamili. Lakini dhana hii, kwa kuwa inampendeza kila mtu, isikubaliwe bila ushahidi. Ushahidi ni geji. Swichi hufunguliwa, geji ya mkono hufungwa katika tundu lake, injini huwashwa kwa muda mfupi, na vipimo huchukuliwa injini ikiwa baridi, ikiwa na moto, ikinguruma polepole, na ikizunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Namba hizo hulinganishwa na zile za kitabu cha gari. Zikilingana, swichi hubadilishwa na shauri limekwisha. Zikiwa chini, uchunguzi huendelea kwa mpangilio: filta iliyoziba au isiyo ya gari hilo, daraja la oili, chujio lililozibwa na masizi ndani ya sampu, vali ya kupunguza presha iliyokwama ikiwa wazi, pampu iliyolika, na mwisho beringi za krenki. Kila hatua ni ya gharama zaidi kuliko iliyotangulia. Fundi aanzaye mwisho wa orodha humtoza mwenye gari kodi ya ujinga.

Kwa nini kunyamazisha si kutengeneza

Kukata waya hakuhitaji hoja ndefu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Oili nzito, hata hivyo, yahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu, kwani ina sura ya tiba. Ni kweli kwamba oili yenye mnato mkubwa huvuja polepole kupitia beringi zilizolika, na geji hupanda. Ni kweli pia kwamba vitabu vya baadhi ya magari huruhusu oili nzito kidogo katika nchi za joto. Lakini oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi na kwenye sehemu za juu za injini kila asubuhi gari liwashwapo, na huo ndio wakati mwingine ambapo chuma hukigusa chuma. Mkuu zaidi ya hayo ni ukweli kwamba nafasi iliyolika hubaki imelika. Kilichobadilika ni ushahidi tu. Katika sayansi, kubadili kipimo ili kilingane na matakwa ya mpimaji kuna jina baya. Katika gereji hakupaswi kupewa jina zuri.

Haifai, pamoja na hayo, kuwatupia madereva lawama zote. Dereva wengi wa magari ya mizigo na abiria hawamiliki magari wanayoyaendesha. Jioni hudaiwa hesabu na mwenye gari, na hesabu hiyo haijui taa. Dereva akisimama Mpapura kwa saa tatu akitafuta oili, hasara ya siku ni yake. Akiendelea na injini ikanoki, hasara ni ya mwenye gari. Mapatano ya namna hiyo humfanya mtu mwenye akili timamu aikanyage sayansi kwa makusudi. Magari mengi, tena, ni mitumba kutoka Japani, na maelezo yaliyobandikwa chini ya boneti huwa ni ya Kijapani. Na hutokea gari limebeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Ligula mjini Mtwara; nani atathubutu kumwambia dereva asimame?

Jibu ni kwamba hata hapo fizikia haibadiliki kwa huruma. Dakika tano za kuangalia kijiti na kuongeza oili kutoka kwenye dumu lililobebwa akiba humfikisha mgonjwa. Injini iliyonoki njiani haimfikishi. Kwa hiyo mwenye gari anayetaka mali yake idumu hana budi kumpa dereva vitu vitatu: lita moja au mbili za oili sahihi ndani ya gari, karatasi ya Kiswahili yenye kuonyesha daraja la oili na vipimo vya presha, na haki ya kusimama bila kukatwa hesabu taa iwakapo. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo yenye manufaa kuliko zote.

Wajibu wa shule

Mtwara ina kumbukumbu yake kuhusu mashine zilizotangulia maarifa. Mpango wa Karanga, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliiachia kusini bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, ambayo nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Huko Kongwa, ambako mpango ulianzia, matrekta mengi yalikuwa mitumba iliyosalia baada ya vita, nayo yaliharibika kwa wingi huku mafundi na vipuri vikiwa haba. Fedha zilikuwapo, kilichokosekana ni watu wa kutosha wenye kuielewa mashine mahali ilipofanyia kazi.

Siku hizi mashine zimefika hadi mashambani. Mkulima wa Mpapura anayepulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga anajua kwamba mashine yake ya kubeba mgongoni huchanganyiwa oili katika petroli, na kwamba akisahau, itakufa. Kijana wa bodaboda anaendesha injini ambayo, katika pikipiki nyingi ndogo, haina taa ya presha kamwe. Kijiti ndicho mlinzi wake wa pekee. Maarifa, basi, yapo vijijini. Yanachokosa ni daraja la kuyaunganisha na yale ya darasani.

Daraja hilo halihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa fizikia aweza kupima muda ambao oili huchukua kupita katika faneli, ikiwa baridi na ikiwa imepashwa katika maji ya moto, na wanafunzi wakachora grafu ya mnato na joto. Aweza kuwaonyesha jozi ya beringi zilizoharibika, ambazo gereji yoyote itazitoa bure. Shule za ufundi na vyuo vya VETA vyaweza kuazimisha geji. Aidha, mwanafunzi aliyefundishwa mnato na kanieneo kwa Kiingereza apewe nafasi ya kuvieleza kwa Kiswahili mbele ya fundi. Elimu ambayo haiwezi kuvuka uzio wa shule na kuingia gereji iliyo ng'ambo ya barabara bado haijakomaa.

Kuna zoezi moja ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya kesho asubuhi, katika gari la mzazi, la jirani au la shule. Ufunguo ugeuzwe bila kuwasha injini: taa nyekundu ya oili lazima iwake. Injini iwashwe: lazima izimike ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa hapo mwanzo, balbu imekufa, au waya umekatika, au kuna mtu aliyeukata. Mwanafunzi na aulize ni nani aliyeukata, na kwa sababu gani.